Saa Tisa Kiwanjani: Nilivyokwenda Chemba Kuandika Historia ya Timu Yetu ya Magongo

Barua ilinifika Morogoro mwishoni mwa kiangazi, miaka ile ya ruksa, mitumba ilipokuwa imefika hadi mlangoni mwa shule yetu na walimu wenzangu wakifuga kuku wa kisasa ili mwezi ufike. Ilitoka kwa mkuu wa chuo nilichosomea ualimu, chuo cha wasichana kilichokuwa nje kidogo ya Chemba, kaskazini mwa Dodoma. Aliandika kwamba chuo hakiwezi tena kuendeshwa, na muhula ule ndio ungekuwa wa mwisho. Kungekuwa na sherehe ya kuagana. Wanafunzi wa zamani walikuwa wameomba kijitabu kuhusu timu yetu ya mpira wa magongo, na kwa kuwa mimi, Tekla, nilikuwa nahodha wa mwisho kuleta kikombe, basi niende nikaiandike historia yake. "Vitabu vya kumbukumbu vimo stoo," aliandika. "Uje mapema, kabla havijahamishwa."

Mume wangu aliisoma akasema, "Hiyo ni heshima."

Nikasema ndiyo. Sikumwambia kwamba tangu nitoke chuoni, miaka kumi na miwili nyuma, sikuwa nimekanyaga tena huko. Wala sikumwambia kwamba katika vitabu hivyo kulikuwa na ukurasa wenye sahihi yangu, na kwamba nilitaka kuufikia kabla mtu mwingine hajaufikia. Kusema kweli hiyo ndiyo sababu iliyonitoa nyumbani. Historia ya timu ilikuwa kisingizio.

Jumatano, saa mbili asubuhi, nilipanda basi la Dodoma. Siku hizo mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameanza mbwembwe zao, yakishindana kwa honi na rangi. Nilikaa dirishani. Mkoba wangu ulikuwa na kanga mbili, daftari, kalamu, na wembe niliouviringisha katika karatasi. Wembe ule niliutia mwenyewe nikijua kazi yake.

Baada ya Gairo kijani kilikwisha. Nchi ikawa nyekundu na tambarare, miiba kwa miiba, na mawe makubwa yaliyopandana kama yaliyowekwa na mtu mwenye haraka. Upepo ulikuwa ukinyanyua vumbi na kulisimamisha kama nguzo. Nguzo hizo hutembea, kila mtu wa huko anazijua. Lakini moja iliandamana nasi upande wangu kwa muda mrefu, na barabara ilipopinda, nayo ikapinda. Mama mmoja kiti cha nyuma alinyoosha mkono akafunga dirisha langu bila kuniomba. Akasema neno kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili, "Usiitazame sana."

Saa nane mchana tulipita Nzuguni, mashamba ya mtama yakiwa yamebaki mabua, na muda mfupi baadaye nilishuka Dodoma. Nilifikia Makole kwa Blandina. Yeye alikuwa msaidizi wangu katika timu, na sasa alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Alinikumbatia, akanipa maji ya kuoga, akanipikia wali na maharage, na hadi tulipomaliza kula hakuuliza nimefuata nini.

Ukutani kwake kulikuwa na picha yetu, ile tuliyopigwa uwanja wa reli siku ya fainali ya mwisho, tukiwa na kikombe. Kalenda ilikuwa imetundikwa kando yake kwa namna ambayo ilifunika ukingo wa picha. Niliwahesabu waliobaki.

"Picha hiyo ina watu kumi na wawili," nilisema.

"Najua," Blandina akajibu, akiendelea kukusanya sahani. "Hapo ukutani wanaonekana kumi na mmoja. Wanatosha timu."

Jioni ile nilianza kuandika, naye akinikumbusha. Timu ilianzishwa na mwalimu wetu mmoja wa kike, ambaye alipokuwa msichana alizoea kuwatazama Singasinga wa reli wakicheza magongo mjini Dodoma. Chuo hakikuwa na hata gongo moja. Fundi mmoja Singasinga alimpa mawili mabovu yawe mfano, na wazee wa vijiji vya jirani wakachonga mengine kwa mti wa mkole, wakiyapinda kwenye moto kama wanavyopinda fimbo zao za kuchungia. Mpira wa kwanza ulikuwa kibonge cha mti kilichoshonewa ngozi. Timu za mjini zilicheka. Mwaka wa kwanza tulifungwa mabao mengi hata mwamuzi akaona haya. Lakini wasichana wengi wa timu ile walikuwa wamekulia machungani, wameshika fimbo kabla ya kushika kalamu, na mwaka wa tatu kikombe cha vyuo vya kanda kilipanda lori kwenda Chemba. Kilipanda tena mwaka uliofuata. Na mwaka wetu kilipanda mara ya tatu.

"Andika hivyo hivyo," Blandina alisema. "Mwanzo, vikombe vitatu, majina ya walimu. Vikombe vinatosha, Tekla."

"Na Nyemo?"

Aliinuka akainyoosha kalenda ukutani. Kisha akasema, "Huko ukifika, saa tisa alasiri usiende kiwanjani. Nimesikia maneno kwa watu wanaotoka huko."

"Maneno gani?"

"Maneno tu. Wewe usiende."

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, nilipanda gari la kwenda Chemba na Kondoa. Barabara ile wakati huo ilikuwa ya vumbi kutoka mwanzo hadi mwisho. Abiria walikuwa wachache, wengi wamejifunika vitambaa puani. Saa tano tulifika mahali panapoitwa Mchangani. Ni mto, lakini karibu mwaka mzima hauna maji. Ni mchanga mweupe mpana, na kingo za udongo zilizokatwa wima. Madereva hushusha abiria ili gari livuke jepesi. Tukashuka.

Jambo nililokwenda kulifuta lilitokea hapo, na ni afadhali nilieleze hapa hapa.

Tulikuwa tunarudi kutoka fainali, tumebebwa na lori. Katikati ya mchanga lori lilikwama. Tukashuka tukavuka kwa miguu tukiimba, kila mtu na gongo lake. Hapakuwa na wingu. Tulipofika ng'ambo nikaona kikombe kimesahauliwa ndani ya lori, na nikamwita Nyemo. Alikuwa mdogo kuliko sote, Mgogo wa kijiji cha jirani na chuo, winga wa kulia, mwenye mbio kupita yeyote niliyewahi kucheza naye. Nikamwambia, "Kakilete, wewe una mbio." Akaniachia gongo lake, namba saba, akasema, "Haya, nahodha."

Alikuwa ndani ya lori tuliposikia kishindo, kama magunia yanayoburutwa sakafuni katika chumba cha pili. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu, tusikokujua. Maji yalikuja mekundu, yakiwa na miti ndani yake. Dereva aliruka. Lori liliinuka, likageuka, likaenda. Yote hayo yalichukua muda wa kusema Baba Yetu mara moja, najua kwa sababu mmoja wetu alikuwa akiisema.

Kikombe kilionekana siku ya tatu, kimenasa kwenye mwiba. Nyemo hakuonekana.

Mkuu wa chuo wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alitukusanya bwaloni. Safari haikuwa na kibali, alisema, na jambo hili likijulikana chuo kitafungwa na sisi hatutafanya mtihani. Kwa hiyo Nyemo alibaki Dodoma kwa hiari yake. Ameacha chuo. Dereva alihamishwa. Kitabu kikaletwa, na mimi na Blandina tukatia sahihi kama mashahidi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mama yake Nyemo alikuwa akiishi mwendo wa dakika kumi kutoka lango la chuo.

Sasa nilikuwa nikivuka mchanga ule ule. Wenzangu walikwisha kunitangulia. Katikati ya mto nikasimama, na ukimya wa pale ulikuwa mzito hata nikasikia mchanga ukiingia viatuni. Kisha nikausikia ukiingia mahali pengine, nyuma yangu, hatua mbili tatu nyepesi, zikasimama. Sikugeuka.

Kondakta alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Dada, njooni, gari linaondoka."

Huko watu wapo wanaomwita mtu mmoja kwa wingi, kwa heshima. Nilijiambia hivyo hadi nilipokaa kwenye kiti changu. Hata hivyo kondakta aliendelea kuutazama mto kwa muda, akaushikilia mlango, ndipo akaufunga.

Saa saba mchana nilifika chuoni. Nusu ya mabweni yalikuwa yamefungwa na madirisha yake yameng'olewa vioo. Mkuu alikuwa Dodoma kwa mikutano, akaniachia maagizo kwa mwalimu Yoeli, mtunza stoo, mzee mwembamba aliyekuwapo tangu enzi zetu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Tekla. Umenenepa. Ni vizuri." Alinipa uji wa ulezi na karanga, akanisikiliza habari za Morogoro, kisha akanifungulia stoo. "Vitabu viko rafu ya chini. Magongo yenu yale."

Magongo kumi na mawili yalikuwa yametundikwa ukutani, kila moja na namba iliyochomwa kwa moto. Yote yalikuwa na vumbi la miaka na utando wa buibui, ila namba saba. Nilimuuliza mwalimu Yoeli nani hulifuta.

"Sijui," akasema. "Ufunguo ninao mimi peke yangu." Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaenda zake kwenye tangi la maji.

Nilikipata kitabu. Niliupata na ukurasa. Mwandiko wa mkuu yule ulikuwa mzuri sana: *Ameacha chuo kwa hiari yake.* Chini yake jina langu, na la Blandina. Nikatoa wembe. Niliuweka kwenye mshono wa kitabu, nikabonyeza kidogo, na ukurasa ukaanza kuachia.

Ko.

Nilidhani mwalimu Yoeli anabisha. "Karibu," nikasema. Hapakuwa na mtu mlangoni. Nikarudi kwenye kazi yangu. Ko. Sauti hiyo naijua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu: ni gongo la mkole likipiga mpira uliokaa sawasawa. Nilitoka nje nikiwa bado na wembe mkononi. Mwalimu Yoeli alikuwa kule kwenye tangi, mbali, akijaza ndoo.

"Mwalimu, umesikia?"

"Saa tisa hiyo," akasema bila kuinua kichwa. "Ni kiwanjani."

"Nani anacheza?"

"Hakuna anayecheza. Wasichana wa siku hizi hata gongo hawajui kulishika."

"Sasa ni nini?"

"Wewe ni mwenyeji wa kule, nenda ukaone. Mimi saa hizi siendi."

Kiwanja kilikuwa nyuma ya bweni la mwisho. Nilitarajia majani na michongoma. Badala yake nilikuta ardhi nyekundu imefagiwa, na mistari yote imechorwa kwa jivu: wa kati, wa pembeni, hata nusu duara mbili za mbele ya magoli, safi kama siku ya mechi. Kundi la mbuzi lilikuwa likipita na mchungaji wake. Walipofika kwenye mstari wa pembeni waligeuka wenyewe, wote, wakaufuata hadi kwenye kona, wakazunguka. Mchungaji hakuwagusa.

Mama mmoja alikuwa ameketi nje ya mstari, ufagio wa vijiti kando yake na kopo la jivu. Nilimtambua, ingawa nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita huku, usikanyage mstari."

Nilikaa karibu naye. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha mtu anayechagua kila neno kabla ya kulitoa. Nilimuuliza ni nani aliyechora.

"Ni mimi. Kila siku, ila Jumapili. Walisema mtoto wangu amekwenda mjini. Mtu wa mjini hurudi. Akirudi asikute pori."

Alinitazama usoni kwa muda.

"Wewe ni Tekla," akasema. "Alikutaja sana. Alisema nahodha wetu hakosei."

Ko. Ilitoka upande wa mbali wa kiwanja, kulia, pale winga anapoanzia mbio zake. Hapakuwa na mtu. Nilitafuta bati lililolegea, mlango, ndege anayegonga mti. Hapakuwa hata na mti. Palikuwa na ardhi nyekundu tu, na jua.

"Unasikia?" mama akauliza.

"Nasikia."

Alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Wengine wanasema hawasikii. Baba yake alisikia, akasema ni shetani. Akakataza jina lake nyumbani, kwa sababu ametutia aibu. Akafa hajalitaja. Mimi nikasema, kama si yeye, nani mwingine anajua saa zake za mazoezi?" Akanigeukia. "Lakini kama yuko mjini, anapigaje hapa? Hilo sijapata wa kumuuliza."

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimejipangia majibu ya kila swali, ila hilo. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu lori, na kikombe, na maneno yangu mwenyewe jinsi nilivyoyasema. Nilimwambia kuhusu bwalo na sahihi. Nilimwonesha wembe, nikamwambia ulikuwa wa nini.

Hakulia, wala hakuinua sauti.

"Alikuwa amekula?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Tulikula Dodoma kabla ya kuondoka. Ugali na nyama. Alikula na ya kwangu."

Alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa. "Maji yalikuwa ya baridi?"

"Sijui, mama."

"Hukuyagusa."

"Sikuyagusa."

Aliinuka kwa taabu, nami sikujua kama nina ruhusa ya kumshika mkono. Akachukua ufagio na kopo. "Kesho utanionesha mahali," akasema. Akaondoka kwa kukata kiwanja katikati, juu ya mistari yake, na nyayo zake zikaivuruga. Nyuma yake sauti iligonga tena mara moja. Alisimama, hakugeuka, kisha akaendelea na safari yake.

Ijumaa, asubuhi na mapema, tulipanda gari linaloteremka Dodoma, mimi, mama Nyemo na mwalimu Yoeli, ambaye usiku wa jana yake nilimweleza kila kitu. Alibeba jembe na gongo namba saba. Alilitoa stoo bila kuandika popote. "Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza," ndiyo maneno pekee aliyonijibu. Ukurasa sikuuchana. Nilikiacha kitabu mezani kwa mkuu, kimefunguliwa hapo hapo, na barua yangu juu yake nikieleza lililotokea na kwamba niko tayari kulirudia mbele ya polisi.

Mchangani tulishuka, gari likaendelea. Niliwaonesha lori lilipokwama, na tuliposimama sisi. Mama aliteremka hadi kwenye mchanga peke yake. Alichota kwa viganja viwili, akaumwaga taratibu, akachota tena. Alizungumza kwa Kigogo muda mrefu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mwanawe habari za nyumbani: nilisikia majina ya watu, na neno la ng'ombe, na la mvua. Alikuwa akinyamaza mahali mtu anaponyamaza kusubiri jibu. Mwalimu Yoeli alikuwa ameacha kuchimba shimo ukingoni. Alinishika mkono wa nguo, akanong'ona, "Tazama mchanga." Mbele ya mama, hatua chache tu, mchanga mkavu ulikuwa ukilowa. Doa lilikuwa dogo kama sahani. Lilitanuka hadi likafikia vidole vya miguu yake, likakoma.

Watu wa huko huchimba visima katika mito ya mchanga, maji yapo chini. Najua hivyo. Mwalimu Yoeli naye anajua.

Tulilizika gongo juu ya ukingo, mahali ambapo maji hayafiki. Mama alisema katika ukoo wao mtu ambaye mwili wake haukuonekana huzikwa kwa kitu alichokishika. Mwalimu Yoeli alisali, nasi tukaitikia. Kisha tukakaa kivulini kusubiri gari, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake mama alinisemesha mwenyewe.

"Huo mchezo," akasema. "Siku hiyo. Alicheza?"

Nilimtazama, nisielewe. Ndipo nikagundua hakuwahi kuambiwa. Aliambiwa tu kwamba mwanawe amebaki Dodoma.

"Mama, yeye ndiye aliyefunga."

"Alifunga nini?"

Basi nikamsimulia. Nilichora kiwanja ardhini kwa kijiti. Nilimwonesha goli letu na lao, na kwamba bao halihesabiwi mpaka upige ukiwa ndani ya nusu duara. Tulikuwa bao moja kwa moja, muda unakwisha, watu wa reli wamejaa uwanjani. Nilimwambia jinsi Nyemo alivyopokea mpira pembeni kabisa, akawapita wawili, jinsi wa tatu alivyomkanyaga mguu naye akachechemea bila kuuacha mpira, akaingia nusu duara, akapiga chini chini. Nilimwambia watu wazima walivyorusha kofia. Nilimwambia tulivyombeba, naye akipiga kelele tumshushe kwa sababu sketi ilikuwa imechanika.

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, akakifunika kwa kanga, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Rudia pale alipokanyagwa," akasema.

Nikarudia. Aliniambia nirudie tena, nikarudia, hadi gari likafika.

Jumamosi nilikuwa Makole tena. Nilimwambia Blandina kila kitu tangu nilipofungua kitabu. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaenda ukutani, akaitoa kalenda. Mchana nilimaliza kuandika, naye alikuwa ameazima mashine ya chapa ofisini ili atengeneze stensili. Nilimwachia ukurasa wa mwisho nikaenda kununua mkate. Niliporudi hakuwapo, alikuwa uani akifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Ukurasa ulikuwa bado mashineni. Nilikuwa nimeandika: *Nyemo, winga wa kulia, alikufa maji Mchangani akifuata kikombe kwa amri ya nahodha Tekla.* Chini yake Blandina alikuwa ameongeza mstari wake: *Msaidizi wa nahodha, Blandina, aliona, na akatia sahihi kwamba hakuona.*

Jumapili nilirudi Morogoro. Sherehe ilifanyika, nami nilikwenda tena kusoma kijitabu hicho mbele ya watu. Baadhi ya wenzetu hawakunisalimia, na mmoja aliniambia nimeharibu siku. Polisi waliandika maelezo yetu, mimi na Blandina, na faili likaenda linakokwenda. Mwalimu Yoeli aliniandikia chuo kilipokwisha kufungwa. Mistari ya jivu hakuna tena, alisema, na mbuzi sasa hulala katikati ya kiwanja. Sauti ya saa tisa bado ipo. Mama Nyemo huja, hukaa, husikiliza kidogo, huenda nyumbani kupika.

Watu huniuliza nilijifunza nini katika safari ile. Kwamba mama yule alikuwa na haki ya kujua mwanawe amekufa, hilo nililijua hata kabla sijapanda basi, nikaondoka na wembe hivyo hivyo. Nisilolijua ni kwamba alikuwa pia na haki ya kujua kuwa mwanawe alishinda, na hilo nalo tulimnyima miaka yote kumi na miwili.